Shangazi hasogei: matatizo ya mazoezi ya ardhini na farasi, na pa kuanzia kutafuta chanzo

Jina lake la mbio lilikuwa refu kama barua ya posa. Bandani tulimwita Shangazi, kwa sababu alikuwa anakutazama kama mtu uliyeingia kwake bila kubisha hodi. Ni jike la thorobredi, aina ya farasi wa mbio, rangi ya kahawia, aliyestaafu mbio za Jumapili pale uwanja wa Ngong, Nairobi. Mwenyewe alimtaka awe farasi wa kupandwa na mabinti zake. Mimi tandiko nililiona liko mbali bado. Wiki ya kwanza nilitaka jambo dogo tu: nisimame mbele yake, nitikise kamba kidogo, arudi nyuma hatua mbili. Nilikuwa nimeona kwenye video mtu akitikisa kidole na farasi anarudi kinyumenyume kama gari lililotiwa gia. Shangazi alinijia moja kwa moja, akaniwekea kipaji cha uso kifuani, akanisukuma mpaka mgongo wangu ukagusa ua.

Saisi mzee, yaani mtunza farasi, wa banda la jirani alikuwa ameegemea upande wa pili, kikombe cha chai mkononi.

"Kijana, umemwambia nini?"

"Nimemwambia arudi nyuma, mzee."

"Aa-aa. Nimekuona. Umemwambia njoo, ukamwambia rudi, ukamwambia njoo tena. Naye amechagua moja."

Tangu siku hiyo natafuta chanzo cha tatizo kwa mpangilio mmoja, na siuruki hata nikiwa na haraka: kwanza mwili wa farasi, halafu mazingira, halafu mwili wangu, kisha kamba. Tabia yake naiweka mwisho kabisa, na mara nyingi sifiki huko. Ninaposema mazoezi ya ardhini namaanisha yote unayomfundisha ukiwa umesimama kwa miguu yako: kuongozwa, kusimama, kurudi nyuma, kusogeza nyonga, kusogeza mabega, kushusha kichwa, na kuzunguka kwa kamba ndefu, ambako masaisi wengi tunaita lanji.

Vifaa ni vichache. Hatamu ya kamba isiyo na lijamu (kile chuma cha mdomoni), kamba laini ya mita tatu na nusu hadi nne, na ile ndefu zaidi ya lanji, glavu, viatu vilivyofunika vidole, kofia ngumu. Kamba usiizungushe mkononi hata mara moja. Ikunje mikunjo mirefu uishike katikati, ili farasi wa kilo 450 akishtuka aondoke na kamba na akuachie vidole.

Kwanza, ondoa maumivu kwenye hesabu

Farasi asiyetaka kusogeza nyonga upande wa kulia huenda goti linamsumbua. Anayerusha kichwa juu ukigusa hatamu huenda ana jino lenye makali. Meno ya farasi huendelea kutoka kwenye ufizi kwa miaka mingi, na kingo zake hukwaruza shavu na ulimi. Daktari ayaangalie na kuyasawazisha walau mara moja kwa mwaka. Anayekutolea meno ukipita tumboni na brashi anaweza kuwa na vidonda vya tumbo. Farasi wa mbio huvipata sana: nafaka nyingi, nyasi kidogo, saa nyingi bandani akiwa hana cha kutafuna.

Kabla hajaanza kazi pima joto. Farasi mzima aliyetulia huwa kati ya nyuzi 37.5 na 38.5. Weka vidole chini ya taya uhesabu mapigo: 28 hadi 44 kwa dakika. Pumzi ni 8 hadi 16. Andika kwa chaki mlangoni kila siku, maana namba za farasi wako mwenyewe ndizo zitakazokuonyesha siku mambo yakianza kubadilika. Inua kila kwato, kwangua, nusa. Ndiyo, nusa. Wakati wa masika banda likiwa tope tupu, pua inawahi kugundua uozo katika ile sehemu laini ya pembetatu kabla ya macho. Kisha weka kiganja kwenye ukuta wa kwato. Moja ikiwa ya moto kuliko tatu nyingine, mazoezi ya leo yameisha.

Mvua ikikatika huja usubi, na usubi ndio unaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika. Ukiona homa pamoja na uvimbe kwenye vile vishimo vilivyo juu ya macho, usingoje kesho. Mpigie daktari wa mifugo hapohapo.

Uso nao unasema. Mwaka 2014 watafiti walichapisha kipimo cha maumivu kinachosomwa usoni mwa farasi, na kina mambo sita tu: masikio yaliyokazwa kwenda nyuma, macho yaliyofumbwa nusu, misuli iliyokakamaa juu ya jicho, misuli ya kutafuna iliyojitokeza, mdomo uliobanwa hadi kidevu kikachomoza, na mianzi ya pua iliyokazwa. Jizoeze kuviangalia akiwa mzima, anakula, hana habari na wewe. Hapo utajua uso wake wa kawaida.

Dalili: unamrudisha nyuma, yeye anakuja mbele

Hili ndilo lililonisukuma uani, na ndilo ninaloulizwa zaidi. Vyanzo vyake ni vinne, na Shangazi alikuwa na vyote.

Cha kwanza ni miguu yako. Farasi akikusogelea nusu hatua nawe ukarudi nusu hatua, umeshamfundisha. Kwa farasi, anayehamisha miguu ya mwenzake ndiye mwenye neno. Angalia kundi likiwa malishoni: jike mkubwa hapigi mtu, anaelekeza masikio tu, mdogo anaondoka penye maji. Wengi wetu hatujui kwamba tumerudi nyuma. Chora mstari kwa kisigino kwenye vumbi usimame juu yake, halafu mwisho wa zoezi uangalie uko wapi. Siku ile mimi ningejikuta mita nne nyuma ya mstari.

Cha pili ni mahali unaposimama. Macho ya farasi yako pembeni ya kichwa, kwa hiyo anaona karibu duara zima, ila kuna sehemu mbili asizoziona: nyuma ya mkia wake, na mbele kabisa ya kipaji cha uso hadi chini ya pua. Ukisimama katikati kabisa na karibu, anasikia kamba inatikisika lakini wewe umepotea. Atainua kichwa akutafute, au atakuja kwa mguu. Sogea hatua moja pembeni, akuone kwa jicho moja vizuri.

Cha tatu ni historia yake. Farasi wa mbio amefundishwa kwamba mpandaji akikaza hatamu naye aegemee, aongeze kasi. Miaka mitatu au minne ya hiyo elimu haifutwi kwa kutikisa kamba siku mbili. Ukimkazia kamba na kuishikilia, wewe unadhani unasema simama, yeye anasikia twende. Tena mnyama yeyote akisukumwa husukuma, hata mtoto mdogo anayevutwa mkono hukaza kwenda upande wake. Kwa hiyo kukaza kusikokwisha hakumfundishi kitu. Kinachomfundisha ni kuachia.

Na kuachia ndiko chanzo cha nne. Nilikuwa nachelewa. Shangazi alihamishia uzito nyuma kwanza, kwato bado chini, nami nikaendelea kutikisa kwa kuwa nilikuwa nasubiri hatua. Yeye akaona jibu lake halikupokelewa, akajaribu jingine.

Tulirekebisha hivi. Nikasimama pembeni kidogo mwa pua yake, mstari wangu chini ya viatu. Nikanyoosha mgongo, nikamtazama kifua, si macho. Nikavuta pumzi, nikainua mkono wa kamba hadi usawa wa kitovu. Hapo nikangoja sekunde mbili. Hakuna kitu. Nikatikisa kamba kidogo tu, kama unayekung'uta maji mkononi. Kichwa kikapanda. Nikaendelea kwa kipimo kilekile, bila kuongeza wala kupunguza. Kisha nikaona msuli wa bega la kushoto umejikunja na kifua kimerudi nyuma upana wa vidole viwili. Hapo hapo nikashusha mkono, nikatoa pumzi, nikageuza uso pembeni. Miguu yake haikuwa imehama bado. Alinitazama muda mrefu. Mara ya tano akarudi hatua moja nzima. Nikamfungua kamba nikamwacha aende nyasini. Zoezi lote lilichukua kama dakika saba.

Atakayekuambia farasi hasomi mambo madogo hivyo, mkumbushe farasi Hans wa Berlin. Mwaka 1904 jiji zima lilikuwa likimzungumzia. Mwenyewe, Wilhelm von Osten, alikuwa mwalimu wa hesabu. Ukimuuliza Hans tatu jumlisha nne ni ngapi, anagonga kwato mara saba anaacha. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst akafichua siri: muulizaji asipolijua jibu, Hans naye halijui. Alikuwa anamsoma aliye mbele yake, ambaye hesabu ikifika alilegea na kuinua kichwa kidogo mno, bila kujijua. Von Osten hakuwa tapeli. Alikuwa hajui mwili wake unasema nini, kama mimi pale uani.

Dalili: amepanda mizizi, haongozwi

Unavuta, anakaza shingo, unavuta zaidi. Shindano hilo utalishindwa. Fanya hesabu ya kilo. Acha kuvuta mbele. Nenda pembeni, karibu na bega, uombe kichwa kije kwako kidogo. Akigeuza shingo, mguu wa mbele utalazimika kuhama ili asiyumbe. Ukihama, legeza kamba. Sasa hajapanda mizizi tena, endelea naye.

Lakini uliza kwanza amesimama wapi. Macho ya farasi huchelewa kuzoea giza akitoka juani. Mlango wa banda au sanduku la lori saa sita mchana kwake ni shimo jeusi. Mpe dakika moja mlangoni, kichwa kiwe huru kushuka na kupanda apime. Anayempiga farasi wakati huo anamhakikishia kwamba kweli mle ndani mna balaa.

Kosa jingine hapa: unatembea kinyumenyume huku umemkazia macho. Mwili wako wote unasema usije. Geuka, tazama unakokwenda, tembea kama mtu mwenye shughuli.

Dalili: anakuingilia, anakukanyaga, mfuko wako umekuwa duka lake

Karoti na miwa. Simlaumu anayewapa, nami nawapa, ila kwenye ndoo au baada ya kichwa chake kugeukia mbele, wala si akiwa ananipekua. Farasi wa mbio pia amezoea kuongozwa akiwa amembana saisi begani, maana hivyo ndivyo tunavyowatembeza asubuhi wakiwa na moto. Usimlaumu kwa alichofundishwa na sisi wenyewe.

Amua nafasi yako ni urefu wa mkono ulionyooka, iwe hivyohivyo leo na kesho, na kwa kila anayemshika. Akiingia, kiwiko kinatoka nje kama unayepita penye watu sokoni. Agonge mwenyewe. Usimfuate kumpiga. Penye masaisi watatu na kila mmoja na sheria yake, tatizo hili haliishi. Kaeni mkubaliane kwanza ninyi.

Dalili: kushoto malaika, kulia shetani

Sehemu nyingi duniani farasi hushikwa, hutandikwa na kupandwa kutoka kushoto. Jambo alilolizoea kwa jicho la kushoto linaweza kumshtua likitokea kulia, hata likiwa ndoo ileile. Anza upya kulia kama ambaye hajawahi kufundishwa: mguse bega, mpake mkono shingoni, mwongoze hatua kumi, basi. Nawe pia huna mkono wa kulia kama wa kushoto. Mimi nikishika kamba kwa mkono nisiouzoea nakuwa mzito, nachelewa kuachia, kisha nasema farasi ana shida. Fanya zoezi hilo na mwenzako ashike upande wa pili wa kamba, macho amefumba, akuambie anasikia nini. Utaona aibu.

Tofauti ya pande ikizidi siku hadi siku, au ikianza ghafla, rudi kule mwanzo kwenye maumivu.

Dalili: lanji imegeuka mbio

Kamusi zinauita mwendo wa katikati matiti, na ukilisema hilo mbele ya mabinti wa shule ya kupanda farasi hamtafanya kazi tena siku hiyo. Sisi tunasema troti. Unaomba troti, unapata shoti, mkia juu, kamba inapiga mluzi.

Tazama kitovu chako kimeelekea wapi. Ukiwa nyuma ya mkanda wa tandiko, unamsukuma. Ukiwa usawa wa bega, unamruhusu. Ukitangulia bega, unamfungia njia. Mtu anayeogopa hubaki nyuma bila kujua, kwa sababu mbele ya farasi panatisha, na hivyo anaendelea kumfukuza huku akilia "pole pole!" Piga hatua mbili kwenda mbele ya bega, shusha fimbo nyuma ya mguu wako, legeza magoti. Mwambie "taratibu" kwa sauti ya chini, kisha unyamaze.

Duara lisiwe dogo. Mita 15 hadi 20 kwa kipenyo ni sawa. Chini ya hapo viungo vya miguu vinalipa. Na lanji ya kumchosha farasi mwenye nguvu ni biashara ya hasara: kila wiki unamjengea mapafu. Hapa Nairobi tuko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na thorobredi aliyefundishwa mbio hapa huamka kila Jumatatu na nguvu mpya. Ukimchosha leo kwa dakika ishirini, mwezi ujao utahitaji arobaini.

Dalili: umemwachia huru ndani ya duara, na haji kwako

Hii ni mbinu aliyoieneza Mmarekani Monty Roberts, inaitwa Join-Up. Unamfukuza farasi azunguke ua wa duara wa kipenyo cha mita 15 hivi, ukingoja dalili: sikio la ndani linakugeukia, anapunguza duara, analamba na kutafuna, anashusha kichwa. Hapo unashusha macho, unamgeuzia bega, naye anakuja.

Kwa thorobredi aliyestaafu nimeona ikiharibika mara nyingi, na sababu inachekesha. Umemwomba akimbie, naye kukimbia ndiyo kazi aliyosomea. Atakimbia mpaka wewe ukae chini. Jasho likianza kutoa povu katikati ya miguu ya nyuma, mianzi ya pua imekuwa mikubwa na sikio halijakugeukia hata mara moja, unachokiona si mazungumzo tena, ni woga. Simama. Nenda ukutani, uchuchumae nje ya ua, acha apumue. Nami kwa sasa naifanya kinyume: naanza kwa kutembea naye huru, mimi nikienda zangu, na kila akinitazama kwa macho mawili narudi hatua moja. Inachukua siku tatu badala ya dakika thelathini. Maoni yangu ni kwamba farasi anayekuja kwa sababu amechoka kufukuzwa hajakuchagua, ila mwenzangu mmoja anaitumia mbinu hiyo vizuri sana, kwa mkono mwepesi, na farasi zake hawana neno.

Kuhusu kulamba midomo, watu hushangilia: "Ameelewa!" Taratibu. Mara nyingi hutokea mvutano unapolegea, mate yanaporudi kinywani. Maana yake kulikuwa na mvutano. Ukimwona analamba kila baada ya sekunde chache zoezi zima, punguza ukali wako.

Dalili: anauma, anageuza matako

Hapa sina maneno mengi. Masikio yamelala kabisa na nyonga inakugeukia: toka, kwa upande, bila kumkimbia. Usiinamie miguu yake, usipige magoti karibu naye. Mwite aliyekuzidi ujuzi, na daktari. Mwongozo wa kusoma hauzuii teke.

Dalili: jana alijua, leo hajui

Kagua mazingira kabla hujakagua kichwa chake. Upepo unafuta masikio yake, hawezi kujua kitu kiko wapi. Fisi wamepita usiku karibu na msitu wa Ngong na harufu ipo bado. Rafiki yake amepelekwa kuchovywa kwa ajili ya kupe. Bodaboda imelipua moshi barabarani. Amebadilishiwa chakula, ameongezewa majani ya lusini na nafaka ilhali kazi yake imepungua. Shangazi alipoteza akili zake zote wiki moja, na kumbe jirani alikuwa amefunga tangi jeupe la maji juu ya paa. Tulilisogelea hatua tano tano kwa siku nne, yeye akila nyasi njiani, mpaka akalizoea.

Na huenda jana hakujua. Alibahatisha, ukamsifu, ukafunga daftari. Mimi nasema amejua akinijibu sehemu tatu tofauti, siku tofauti, na mtu mwingine ameshika kamba. Mazoezi mafupi ya dakika kumi hadi kumi na tano yanabaki kichwani kuliko saa nzima ya kuzozana.

Dalili: hana tatizo lolote

Hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko mengine, na hakuna anayeniuliza. Farasi anasogea ukimgusa, anasimama ukisimama, unaweza kumfunika turubai kichwani. Wageni wanasema, "Jamani, mpole huyu!" Tazama jicho. Limeangalia ukuta. Sikio halifuati sauti, shingo haigeuki mlango ukifunguliwa, mdomo wa chini umebanwa. Huyo amejifunza kwamba lolote atakalosema halibadilishi kitu, akaacha kusema.

Alikuwapo mmoja, dume aliyehasiwa, mweupe, ambaye tulimpata amepita mikononi mwa watu wengi wenye haraka. Kila zoezi alilifanya mara ya kwanza. Nilijisifu wiki nzima, mpaka yule mzee alipokuja kusimama naye kimya, akampungia kofia karibu na jicho. Hakupepesa. Mzee akaniambia, "Huyu umpe ruhusa ya kukataa."

Tukaacha mazoezi yote. Nikawa naingia malishoni na hatamu begani, nasimama mita tatu, akiendelea kula naondoka. Brashi naleta, nagusa bega, nangoja: akigeuza kichwa naacha, akirudisha naendelea. Nyasi saa zote, wenzake wawili karibu naye, hakuna kamba. Wiki ya kwanza hakuna kilichotokea. Wiki ya tatu masikio yakaanza kutembea. Mwezi wa pili, asubuhi moja ya baridi, nilimwomba kwato ya mbele ya kushoto nisafishe, kama siku zote. Akaninyima. Akaivuta, akaipiga chini, akanitazama.

Nikamwambia haya basi, nikahamia kwato nyingine.